Nani Aliyempeleka Hatibu Shule ya Maseremala

“Mwambieni dada yangu sishuki mlimani ng'o. Aliyenisema miaka sita kwamba nimemuuza mwanawe kwa Mdachi, na aozeshe peke yake.”

Hayo ndiyo maneno aliyotuma Stambuli kutoka Mgeta, na Bi Mwanaheri alikuwa ameyarudia mara tatu asubuhi ile, kwa sauti ya puani kama ya kaka yake, mpaka watu wa benchini kahawa ikawapalia. Benchi lenyewe lilikaa kwenye njia ya stesheni, Morogoro, limeinamia upande mmoja, kwa kuwa lilitengenezwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shule ya maseremala. Shule ilikuwa ng'ambo tu ya njia. Sasa imefungwa miezi mitatu, misumeno yote imepakiwa kwenye gari moshi ikaenda Dar es Salaam. Wazee walikaa wakiuangalia mlango wake kama wanaongojea mtu atoke. Mwinjuma waliyemwita Tarumbeta, kwa jinsi anavyosema. Lukasi waliyemwita Kengele, ndiye aliyekuwa akiigonga kengele ya shule. Na Kasiani muuza kahawa, huyo jina lake Twajua, maana hakuna asilolijua. Bi Mwanaheri hakai benchini. Yeye na kashata zake wako chini mkekani, ila mdomo wake uko benchini tangu alfajiri. Wanamwita Bi Shauri. Ugomvi wa kila ukoo anao kichwani, nani alimnyima nani shamba, nani hakuja msibani. Na huu wa kwake ndio mkubwa kuliko yote.

— Harusi Ijumaa, na leo Jumanne, alisema Twajua, akimimina. Wakwe wa Kingolwira wataleta binti yao Hidaya, watauliza mjomba wa bwana harusi yuko wapi. Utawaonyesha nini, Bi Shauri? Mkeka?

— Nitawaonyesha mama yake.

— Mama! Tarumbeta akapiga paja. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, sawa, lakini mwenye kauli mjomba. Bila Stambuli, Hidaya anarudi kwao na sanduku lake.

Bi Mwanaheri akazipanga kashata ambazo zilikuwa zimepangika.

— Kwani uongo? akasema. Si alimpeleka? Mwanangu Hatibu, mmoja, wa pekee, nikakaa miaka mitano namwona kwa mbali kavaa kaptula ya kaniki, anaimba Kidachi!

— Wakiimba vizuri lakini, alisema Kengele polepole. Siku ya kuzaliwa Kaizari, wanatoka wawili wawili mpaka Boma, kila mmoja na randa begani kama bunduki. Nikigonga kile kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, kilisikika mpaka Kilakala. Na harufu ile! Maranda ya mninga. Ukipita njia hii ulidhani mji mzima umefukizwa.

— Na Bwana Sentimita, akasema Twajua.

Wakacheka wote, hata Bi Mwanaheri. Bwana Sentimita ndiye aliyekuwa mwalimu mkubwa, Mdachi mnene kama pipa. Hakuingia mtu kwake hivi hivi. Kwanza ushike herufi shule ndogo, halafu mwaka mzima utengeneze kigoda kimoja. Mwisho wa mwaka anakikalia yeye mwenyewe, anavuta kiko mpaka kiishe. Kigoda kikistahimili, umepita. Kikivunjika, kinakwenda jikoni kupikia maharage, na unayala maharage hayo hayo huku wenzako wanakutazama.

— Cha Hatibu hakikulia hata kidogo, alisema Kengele. Bwana Sentimita alivuta kiko mara mbili.

— Basi ndiyo maana Stambuli alimpeleka! Tarumbeta akadakia. Alitaka mlango wenye kufuli. Mgeta nzima nani ana mlango wenye kufuli?

— Mlango kitu gani, akasema Twajua. Nyie hamjui. Kaizari alikuwa hapati usingizi. Mafundi wote wa Ulaya wamemtengenezea kitanda, wapi. Akaambiwa kuna kijana wa Uluguru ana mkono mwepesi. Stambuli kaahidiwa ujumbe, awe mkuu wa kijiji!

— Kaizari alimjuaje mtoto ambaye hajashika hata msumeno? akauliza Tarumbeta.

— Wanapiga simu za waya, wewe vipi?

— Waya! Tarumbeta akasimama kabisa. Sikilizeni mimi. Ni mzimu wa Kolelo, kule pangoni. Ulimtuma Stambuli apeleke mtoto mmoja akajifunze Wadachi wanavyokata miti, ili mzimu ujue msitu utakwisha lini ujihamie mapema.

— Nyamazeni, alisema Kengele. Mimi nilikuwepo siku ile. Mtoto kasimama mlangoni, miguu vumbi tupu. Bwana Sentimita akamuuliza, “Nani kakuleta?” Akajibu, “Mjomba.” Nimesikia kwa masikio yangu haya.

— Umeona? akasema Bi Mwanaheri. Umeona?

Ila sauti ilikuwa ndogo, na Tarumbeta akamtazama.

Hapo akafika mama mmoja na tenga la njegere kichwani, anatoka sokoni, msalaba shingoni. Akatua mzigo, akasema shikamooni wazee, akaomba kikombe. Anaitwa Anastasia, wa kijiji cha misheni kule kule Mgeta. Wakamweleza kesi yote, watatu kwa mpigo. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Huyo mjomba, mlangoni pale alikuwepo?

— Hapana, alisema Kengele. Mtoto alikuwa peke yake.

— Na mtoto mwenyewe mmemuuliza?

Twajua akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Nani amuulize mtoto? Kijana wa Kiluguru akiulizwa nani kamleta atasema mjomba, maana mtoto hajipeleki popote. Hata akijipeleka, kapelekwa na mjomba. Hatibu alitoa jibu hilo la adabu, na adabu hiyo hiyo ikamfunga mdomo miaka sita, maana mama alikuwa ameshasema mbele za watu. Atamkana vipi mama?

Bi Mwanaheri akainuka, akaishika mikono ya Anastasia.

— Unarudi leo? Wajua kwa Stambuli, juu ya kijito? Nenda mwambie. Usiongeze, usipunguze. Mwambie mtoto aliniomba siku saba, nikamkatalia, siku ya mwisho nikampiga. Alfajiri akaondoka mwenyewe. Mimi nilikuwa macho, nimejifanya nimelala, nikamwona mgongo wake mlangoni. Sikumwita. Niliona aibu, mtoto wa kiume kunikimbia mimi akafuate mbao. Ndiyo nikasema kaka kamuuza. Mwambie nimesema benchini, mbele ya Tarumbeta, hivyo mji mzima unajua kabla ya adhuhuri. Na ukikutana na mtu yeyote njiani anayepanda, mwambie na yeye, asije akatangulia kufika hajui.