Glaçon, Parapluie na Bwana Harusi wa Imani

Benchi letu ni kiti kirefu cha mbao kilichong'olewa katika behewa la zamani la reli, nacho kimewekwa mbele ya chumba cha ushonaji cha Moustapha, pale kwenye kona ya Naviundu ambapo njia inaukata mtaa sehemu mbili: upande mmoja nyumba zinateremka kuelekea mto, upande wa pili zinapanda kuelekea barabara kubwa, na pande hizo hazijawahi kuwa na mwanga jioni moja. Kila siku baada ya sala ya alasiri Moustapha hutoa chupa ya kahawa yenye tangawizi, na wenye haki ya kukaa hukaa. Kwanza ni Annie, muuza mikate ya kukaanga, ambaye tunamwita Mama Mouchoir yaani Mama Leso, kwa sababu hakuna série, tamthilia ya televisheni, iliyowahi kumwacha na macho makavu. Kisha Amadi, fundi wa malori, tunayemwita Expert, cheo alichojipa mwenyewe. Kisha mzee Liévin, mstaafu wa reli, Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni. Mimi wananiita Maître. Nilisoma sheria, na benchi lilinipa jina hilo muda mrefu kabla ya mahakama yoyote kufikiria kunipa joho.

Siku ninayoisimulia, Moustapha alimimina kahawa bila kuisifu, jambo lisilo la kawaida yake.

— Imani ananitumia habari, akasema. Nisipomujibu vizuri leo, sijue itakuwa namna gani.

Wote tulimjua Imani, binti yake. Alikuwa ameshaingia ndani kwa shangazi yake, kama ilivyo desturi ya familia zao zilizotoka Maniema: bibi harusi hufungiwa, hufundishwa, na haonekani njiani hadi siku ya ndoa. Bwana harusi, Souleymane, ni déclarant huko Kasumbalesa, yaani mtu anayepitisha makaratasi ya malori kwenye forodha. Imani alikuwa amekutana naye mara chache, kila mara akiwa amezungukwa na wakubwa.

— Anaomba nini? nikauliza.

— Anaomba série. Ya Bakorea ao ya Bachina, kwake ni moja. Ile ya bantu babili banaoana bila kujuana, kisha banaishi muzuri. Shangazi yake eko na panneau ya jua, ataiangalia mupaka ku mwisho. Anasema, papa, nikiona bale banaweza, na miye nitaweza.

— Na kama hapana? Amadi akauliza.

— Njo maana ninabauliza ninyi benye kuangaliaka. Miye jioni niko na mashine tu. Clé USB yenye série ndani inapashwa kufika kwake mbele ya magaribi.

Nilipendekeza utaratibu. Kila shahidi aeleze aliyoyaona kwa macho yake; maneno ya majirani yasipokewe; na mwisho benchi litoe pendekezo moja, lenye sababu. Annie aliniangalia kwa huruma.

— Maître, ni série, haiko kesi.

— Kwa Imani ni kesi, Moustapha akasema, na ubishi ukaishia hapo.

Annie akajifuta mikono yenye mafuta.

— Basi sikia. Siye ba upande ya muto tunaangaliaka moja, ya contrat. Kijana wa tajiri anaoa musichana wa vélo, juu koko yake, babu muzee, anataka kuona harusi mbele ya kufa. Banatia signature, mwaka moja, kisha kila mutu njia yake. Ule kijana siye tunamuita Glaçon. Ni barafu, papa. Bibi yake, ule musichana, anamupikia supu, Glaçon anaitupa mu poubelle, musichana eko anamuangalia. Siku ya mvua anamuacha ku arrêt ya bus, vitre ya motokari inapanda, anaenda. Ku fête, karamu ya bakubwa, banamuuliza, huyu ni nani? Anajibu, ni mutumishi wa nyumba.

— Na wewe unalia, Amadi akamwambia.

— Wewe uliyekaa ku kiti yangu uliacha kulia siku gani?

Amadi akainywa kahawa yake taratibu. Ni kweli kwamba huangalia kwa Annie, kwani televisheni yake mwenyewe ameifungua na bado hajapata muda wa kuifunga.

— Usimupe Imani ile, Annie akaendelea. Atavunja mulango wa shangazi.

Liévin, aliyekuwa amefumba macho kama kawaida yake, akayafumbua.

— Siye ba upande ya barabara tuko na ingine. Inafanana mbali kidogo, lakini iko na heshima. Na kule kuko contrat, na kule kuko koko muzee. Ila bwana yule, siye tunamuita Parapluie. Anakuya mu mvua na parapluie, anamufunika bibi yake, yeye mwenyewe analowa mupaka ku viatu. Asubui anaamuka mbele ya jua, anapika supu, inamushinda, anapika tena. Na ku fête anamushika mukono mbele ya bote, anasema, huyu njo bibi yangu, muliosikia mubaya musikie muzuri.

Moustapha aliacha kumimina. Nilimwona akimwona mkwe wake katika maneno hayo, na nikaona kwamba ushahidi ulikuwa umeanza kumvuta kabla haujapimwa.

— Moustapha, usiamue bado. Mzee Liévin, msichana wa kwenu anapanda nini?

— Vélo.

— Rangi?

— Ya manjano.

— Na wetu ya manjano, Annie akasema. Benyewe banaigana. Moja ikipata bantu, ingine inatoka mbio.

Nikaendelea kuhoji. Koko wa upande wa mto alitembea na fimbo, na wa upande wa barabara vilevile. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi kwenye meza yenye maua meupe, na wa pili pia. Niliyapima yote hayo, nikahitimisha kwamba mfanano hauthibitishi chochote, kwa kuwa baiskeli, fimbo na maua ni ada ya tamthilia za aina hii, kama vile muhuri ni ada ya ofisi. Niliongeza kwamba mkataba wa kuoana kwa mwaka mmoja, mbele ya sheria yetu, ni karatasi tu.

— Hata mbele ya dini, Moustapha akasema. Mais Imani haulizi contrat. Anauliza mwanaume.

— Basi miye nabaambia siri ya bale banaume, Amadi akasema, na benchi likasogea kidogo, kwa maana Amadi akisema siri huwa amekwisha kuinua mkono wenye kikombe. Beko mapacha. Mama yao alizaa babili. Moja alibaki Korea, moja akapelekwa China. Ule wa Korea alikosa maziwa, njo maana roho yake iko baridi.

— Na wa Korea ni yupi kati yao? nikauliza.

— Glaçon.

— Nani alikuambia série ya upande wa mto ni ya Korea?

— Baridi yenyewe.

Liévin akatikisa kichwa.

— Mapacha hapana. Ni train. Mu inchi yenye train ya kupita saa yake, bantu banajifunza kungojea. Mutu mwenye kujua kungojea hawezi kutupa supu, atangoja ipoe. Ile yetu niliona gare ndani, kubwa, safi. Kwenu muliona gare?

— Tuliona parking, Annie akajibu.

— Voilà.

— Apana, Chef, Annie akasema. Ukweli uko hivi. Famille ya Glaçon iliona bantu banamuchukia. Ikalipa bale ba cinéma batengeneze ingine, ya kusafisha jina. Parapluie ni avocat wa Glaçon. Muulize Maître, avocat anasemaka mubaya ya mutu wake?

Nilikiri kwamba hasemi. Hata hivyo nilitaka kujua malipo hayo yalithibitishwa na nani, na Annie akanijibu kwamba machozi yake yenyewe ni ushahidi wa kutosha. Kivuli cha paa la bati kilikuwa kimekwisha kufika miguuni mwetu. Moustapha alitazama upande wa magharibi, kisha gauni la harusi lililokuwa juu ya mashine, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikwa na pini.

— Mubishane mbio, akasema. Nipeleke ya Parapluie, ao nisipeleke?

Hapo ndipo alipotokea Chadia, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, na liputa lake, kitambaa cha kushona, kwapani. Alikuwa amekuja kupimwa, akatukuta tumeziba mlango. Moustapha akampa kikombe, na Annie, ambaye hapendi mtu abaki nje ya habari, akamweleza yote, kuanzia supu hadi fimbo. Chadia alisikiliza bila kumkatiza.

— Mama, ile yenu inapitaka saa gani?

— Kisha habari ya magaribi.

— Na yenu, papa?

— Kisha habari, Liévin akasema. Mais miye namalizaka sala ya chapelet mbele. Mwanzo inanipitaka.

— Na miye mwanzo inanipita, Annie akasema. Niko nasafisha karai.

— Chaîne gani?

Wakaitaja kwa pamoja. Ilikuwa moja.

Chadia akaonja kahawa.

— Na courant, inakuyaka kwenu bote jioni moja?

Jibu halikuwa gumu. Kila mtoto wa Naviundu anajua kwamba umeme wetu huja kwa zamu: leo mto, kesho barabara. Tumeizoea zamu hiyo kiasi kwamba haituingii tena akilini, na mimi niliyehoji rangi ya baiskeli sikuwa nimeihoji.

— Annie, Liévin akasema polepole, ule Glaçon wenu alimuacha bibi mu mvua. Mwanamuke alivaa nini?

— Koti ya bleu, kifungo moja imekatika.

— Parapluie alimufunika mwanamuke wa koti ya bleu. Kifungo imekatika.

— Supu ilikuwa ya nini? Annie akauliza.

— Ya samaki. Ile alikuwa anapika asubui, analia, anasema nilikosa, ilikuwa ya samaki.

Annie akaweka kikombe chini. Kisha akavuta kitambaa chake.

— Sasa alimuombaka na rusa, amusamehe. Bipindi byote hibi namutukana mutoto wa bantu, kumbe kesho yake anaomba rusa mu giza yangu.

— Anaomba, Liévin akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya kujivuna. Na kesho yake anarudilia. Siye hatukuona supu ikitupwa. Tulizania anapika bure, kwa mapendo tu.

— Mapacha, Amadi akanung'unika.

— Amadi, kunywa kahawa, Annie akamwambia.

Moustapha alikuwa ameketi sasa, jambo ambalo huwa halifanyi kabla ya kufunga duka.

— Donc ni mwanaume moja, akasema. Njo nimuambie Imani nini? Ni muzuri, ao ni mubaya?

Nilianza kujenga jibu lenye pande mbili, lakini Chadia akanitangulia, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.

— Papa, samahani. Na ule fiancé wa Imani, wewe ulimuonaka siku gani?

— Alikuya siku ya kujulikana. Akakuya tena siku ya mahari.

— Na siku zingine?

Moustapha alihesabu kwa vidole, akaishia kwenye cha pili. Siku ya kujulikana, tuliokuwapo tunakumbuka, Souleymane alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akawamiminia wazee maji ya kunawa. Siku ya mahari alikuja na kanzu nyingine, nayo imepigwa pasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona na shati la kazi. Nililiweka swali mbele ya benchi zima, mmoja baada ya mwingine, na benchi zima halikuwa na ushahidi.

Moustapha akaitikisa chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu.

— Expert, akasema, ku Kasumbalesa sasa kuko namna gani?

— Kubaya. Mustari ya macamion haitembee. Bachauffeur banalala chini ya mapneu, banatukana badéclarant tangu asubui mupaka giza.

— Na badéclarant?

— Inategemea mutu. Kuko mwenye kufunga téléphone. Kuko mwenye kuwaka moto. Kuko mwenye kukuya na maji, anakaa nabo.

— Njo siku yenyewe, Moustapha akasema. Kesho naenda.

— Utamupigia mbele? Annie akauliza.

— Hapana.

Akaingia ndani, akafunika gauni na kitambaa cheupe, pini zikiwa ndani yake. Kwa Imani aliagiza ipelekwe clé yenye hadithi yote, bila kuruka jioni hata moja, pamoja na maneno haya: mutoto wangu, angalia mupaka mwisho, na miye naenda kuangalia ya kwetu.

Annie alikuwa amekwisha kubeba kiti chake kidogo.

— Chef, leo courant ni kwenu?

— Ni kwetu.

— Basi fanya chapelet mbio. Leo ninakaa tangu mwanzo.

Akavuka njia kuelekea upande wa barabara, Amadi nyuma yake. Moustapha akawaita.

— Mutanieleza vile ilipita.

— Na wewe utatueleza, Annie akamjibu bila kugeuka.