Stesheni Chini ya Kisiwa: Dada Tess Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Teresita Macaraeg, mhandisi wa handaki letu la treni chini ya ghuba ya San Francisco, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Sisi tumezoea kumwita Dada Tess.

Alizaliwa Kisiwa cha Mwari, katikati ya ghuba. Treni zilipita ndani ya mwamba chini ya kisiwa bila kusimama. Wakazi walivuka kwa feri, na ukungu ukishuka hawakuvuka kabisa. Mama yake, Bi Remedios, kila akituona alitutania: "Nyie watu wa treni, mnapita chini ya kitanda changu bila hata hodi!"

Kila mwajiriwa mpya alianzia kwa Dada Tess. Alimwekesha kiganja kwenye ukuta wa handaki na kumwambia, "Nje ya hapa ni bahari. Sasa tufanye kazi kwa adabu." Kisha alimpakulia tambi, na ole wake asiyemaliza sahani.

Stesheni ya kisiwani aliiomba mwaka baada ya mwaka, akakataliwa. Ilipokubaliwa hatimaye, akakabidhiwa yeye kazi ya kuchimba kando ya reli huku treni zikiendelea kupita. Bi Remedios akanunua kabisa viatu vya safari ya kwanza.

Tulipobakiza ukuta mwembamba kati ya shimo la stesheni na handaki la treni, mwamba ukaanza kutoa maji ya chumvi. Yalikuwa matone tu. Dada Tess akasimamisha kazi hadi ufa uzibwe, na hilo lilimaanisha kuchelewa mwaka mzima. Nilishindwa kunyamaza.

"Na mama je? Umri ule, Dada!"

"Mama atangoja," akasema. "Maji hayangoji."

Bi Remedios alifariki miezi michache kabla ya ufunguzi. Dada Tess alimzika, akarudi kazini, akaubomoa ukuta uliobaki.

Siku ya ufunguzi wakazi walishuka stesheni kupanda treni wakicheka na kulia. Nilimkuta Dada Tess amesimama kando, nikampa hongera.

"Ahsante," akasema. "Ila nimebaki na habari njema, na niliyekuwa namwekea hayupo."

Dada Tess, mwamba ni mkavu na hakuna aliyeumia. Kwa hilo tunakushukuru sote. Habari zako njema, kuanzia sasa, tuletee sisi. Uishi siku nyingi, zenye afya na utulivu.

Anselm Briggs, Kitengo cha Pampu