Historia ya Mama Pindo, Mmaliziaji wa Sweta na Shali

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia inaomba utulivu wenu kidogo ili isome safari ya maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pindo, na wengine hamkuwahi kumjua kwa jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe mshona magodoro, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, na waliomlea walisema kwamba alipokuwa anatambaa hakuna pazia lililopona, kwani kila penye uzi uliochomoza alikaa hapo na kuuvuta mpaka aone unaishia wapi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, na akiwa darasa la tano alifuma skafu yake ya kwanza, safu zote zikanyooka, ila mwishoni akafunga vitanzi kwa nguvu mno hadi skafu ikajikunja, na mwalimu wa kazi za mikono akaifumua ile safu ya mwisho mbele ya darasa zima, akamrudishia sindano na kumwambia, binti, umeifuma vizuri halafu umeikaba koo.

Tarehe 5 Februari 1968 aliajiriwa katika karakana ya sweta za shule, ghorofani juu ya duka la rangi, akapewa kazi ambayo wenzake waliikimbia, yaani kumalizia, kuokota vitanzi vya shingo, kufunga safu ya mwisho na kuficha ncha za uzi kwa ndani, naye akaifanya kwa namna yake, akifungia kwa sindano nene kuliko ile ya kufumia ili pindo lipate kuvutika, na kabla ya kukata uzi aliipitisha shingo ya sweta kwenye kichwa chochote kilichokuwa karibu, kiwe cha mteja au cha dereva, hata watu wa pale wakazoea kuvalishwa sweta wakiwa katikati ya maneno yao, na msimamizi, aliyejaliwa kichwa kikubwa, akabandikwa jina la Kipimo. Sweta zake hazikumkwaruza mtoto shingoni, na shali zake zikitandazwa mezani zilitulia kama maji kwenye beseni, bila kona kuinuka, na wafumaji wa miaka mingi walizigeuza nyuma wakitafuta ncha za uzi.

Mwaka 1972 fundi baiskeli mmoja alipanda ngazi za karakana hiyo akiwa amevaa sweta ya kubana aliyofumiwa na dada yake, akauliza kama ile ni mikono ya sweta au ni pingu, na mama bila kuinua uso akamjibu, kaa hapo nikufungue, ila ukishafunguliwa usijifanye hujui njia ya kurudi. Alirudi mara nyingi, na tarehe 22 Julai mwaka huohuo wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne, mabinti wawili na wavulana wawili, na mmoja wa mabinti hao alitangulia, na baba yetu naye akatutoka tarehe 3 Septemba 2009.

Mnamo Novemba 2021 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, madaktari wakagundua maradhi ya mishipa ya fahamu, akatumia dawa kwa utiifu, lakini hali iliendelea kushuka. Mwanzoni mwa 2023 mke wa mwanawe wa mwisho, ambaye mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, alikuwa amebeba ya tatu, na mama akajiwekea jambo moja tu, kwamba mjukuu huyo apokelewe kwa shali yake, akaifuma polepole, akalizungusha pindo pande tatu, na alipoingia upande wa nne mkono ukagoma, vitanzi vikawa vinamwangukia mapajani. Binti yake alipopendekeza kuweka utepe wa dukani, mama aligeukia ukutani.

Kesho yake alimwita mkwewe huyo na kumkabidhi sindano, na mkwe, kwa hofu ya kuharibu, akakaza kila kitanzi, mama akaagiza afumue, akakaza tena, akafumua tena, mpaka uzi ukaanza kuota manyoya, na mama akamwambia, mwanangu, unashika uzi kama umekamata mwizi, mlegeze, haendi popote. Mtoto akazaliwa salama tarehe 30 Aprili, pindo likiwa bado wazi, na siku moja mkwe akiwa amechoka, kichanga kimelala mapajani, akaichukua shali na kufunga vitanzi akimsikiliza mtoto anavyopumua, wala hakuuwaza uzi hata kidogo, na alipotazama chini upande wa nne ulikuwa umekwisha.

Mama aliomba aletewe, akafumba macho, akapitisha kidole gumba pande zote, taratibu, akarudia, kisha kidole kikasimama mahali, akasema, mkono wako unaanzia hapa. Mkwe akamjibu, hapana, mama, hapo bado ni mkono wako. Mama akafumbua macho, akaitazama shali, akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, akiwa usingizini. Aliagiza shali isizikwe naye, itumike na ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, na mtoto amelala ndani yake hapa mstari wa pili, hivyo atakayependa kulitafuta lile pindo la upande wa nne alitafute, ila asimwamshe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, pamoja na wenzake wa karakana, akiwemo Mzee Kipimo, aliyekuja kwa mkongojo.

Mama, umemaliza kazi, weka sindano chini, na mikono yako ipumzike kwa amani.