Pengo Nililolikata Mwenyewe

Chochea moto mara ya mwisho, Asger, kisha uje ukae hapa kitandani. Nawe Bodil, mwanangu, hiyo simu iweke chini, mtandao haurudi kwa kukodolewa macho. Daktari hafiki leo, barabara imezikwa tangu jana, na mimi sina haja naye, maana ninakokwenda nakujua kwa jina tu na, kusema kweli, nina hamu ya kuona kukoje. Maneno ninayo mengi kuliko pumzi, kwa hiyo msinikatize hata nikikohoa.

Nyumba hii nampa Bodil. Bustani, toka mlangoni hadi kwenye ua wa miti, nampa Asger. Msiangaliane hivyo! Nimewasikia mkinong'onezana habari za kuuza, mnadhani mgonjwa wa kifua ni kiziwi. Mwenye paa hatakuwa na kiazi, na mwenye viazi hatakuwa na paa, basi itawabidi msemezane kila siku ya Mungu, na huko niliko nitatega sikio.

Lakini kipo kitu ambacho si changu kuwapa, nacho kinanikaba kuliko kikohozi. Mzabibu wa ukuta wa kusini, ule mliokula jamu yake tangu meno ya utoto, si mali yetu. Ni wa Maren, marehemu mke wa Laust hapo jirani. Ndiyo, Laust huyo huyo ambaye niliwakataza hata kumwokotea kofia ikipeperushwa na upepo.

Baba yenu Eskild, Mungu amrehemu, alizoea kuniambia, "Thyra, iko siku hiyo pua yako itakufikisha mahakamani." Alinijua. Nimezaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Kifurushi cha mtu posta nilikitikisa nisikie kimebeba nini. Sasa Maren alipofariki, majani yakipukutika, Asger una miaka minne, nikaanza kumsikia Laust kila asubuhi anazungumza ndani ya kibanda chake cha vioo, ng'ambo ya ua. Anazungumza na nani, mgane wa wiki tatu? Pilipili usiyoila yakuwashia nini, lakini mimi iliniwasha mpaka usingizini. Siku ya nne nikachukua msumeno, nikakata pengo kwenye ua, pana kama dirisha la jikoni, nikachungulia.

Alikuwa anazungumza na mzabibu. Maren ndiye aliyeupanda, mwaka wa harusi yao. Laust kakalia ndoo, kikombe cha kahawa mkononi, anauambia, "Ng'ombe mwekundu amezaa, Maren. Soksi za sufu sizioni. Uliziweka wapi, mama?" Niliona aibu, wanangu, aibu ya kunitoa jasho kwenye baridi ile. Na kesho yake nikarudi kuchungulia tena, maana nilitaka kujua kama soksi zilipatikana.

Ua wa miti huku kwetu haukupandwa kwa urembo. Wazee waliupanda uvunje upepo wa bahari, na hata mtoto anajua kwamba upepo ukipata tundu hupita na hasira maradufu. Nilijua vizuri sana. Nikasema nitaliziba kabla ya Krismasi, leo, kesho, mpaka dhoruba ikanitangulia, siku tatu mfululizo kama hii, na theluji ya shamba letu lote ikapita kwenye pengo langu ikamwangukia Laust. Siku ya nne vioo vimesagika na mzabibu umekatika shinani. Akaja akasimama pale, ndevu zimeganda. "Thyra, nani amekata ua?" Nikamwambia, "Kulungu hao, wameutafuna." Akaviangalia visiki, akaniangalia mimi, akasema, "Kulungu wako wana meno ya msumeno," akaondoka. Hatujasemezana tena. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliutoboa mwenyewe, na ukuta nikaujenga kwa neno moja tu, kulungu.

Jioni ile nilipenya nikaiba kijiti kimoja cha ule mzabibu, nikakizika kwenye mchanga ghalani, na majira ya machipuko kikatoa jicho. Ningempelekea siku hiyo hiyo. Lakini kumpelekea ni kukiri, na kukiri ni kumwambia nilimwona akimlilia mkewe kwa habari za soksi. Mwaka ukazaa mwaka, kijiti kikafunika ukuta, nami nikawalisha jamu ya wizi.

Sasa lipo jambo lisiloniacha. Miti huota, na pengo lingejiziba lenyewe. Mimi nililipogoa kwa siri kila mwezi wa sita, ili asubuhi nione kama dohani yake inatoa moshi. Kila asubuhi, kabla ya kahawa yangu. Ule mwaka nilipovunjika nyonga nikalala hospitali miezi mitatu, nilirudi nikitarajia majani matupu, nikakuta pengo liko wazi, limepogolewa vizuri kuliko nipogoavyo mimi, na vijiti vimeanguka upande wake. Kwa nini? Mwenye chuki angeliacha lijizibe. Miaka kumi na moja naligeuza swali hili, sijapata jibu, na kufa bila jibu kunaniudhi.

Basi wosia wangu ni... Bodil, theluji imepungua kidogo, angalia dirishani. Unaiona dohani ya Laust? Inatoa moshi? Jana jioni ulikuwepo, mwembamba. Leo tangu asubuhi siuoni, nikadhani ni haya macho yangu. Hakuna? Hata kidogo?

Basi mengine yaacheni. Mzee wa miaka themanini na nane, peke yake, na kuni zake ziko ng'ambo ya uwanja. Mimi nakufa kwa mpangilio, ndani ya blanketi. Yeye asife kwa baridi. Asger baba, chukua koleo na ile kamba ya ng'ombe, ncha moja funga kwenye kitasa cha mlango, nyingine kiunoni. Piteni pengoni, ndiyo njia fupi, hatua arobaini na moja, nimezihesabu kwa macho. Usiniambie utabaki, Bodil. Kumwinua kunataka watu wawili. Beba chupa ya jamu, umlambishe, umwambie ni ya Maren. Mwambie... hakuna kulungu. Mzabibu ni wake, Asger atamkatia vijiti. Kisha muulize kwa nini hakuliziba.

Mungu awape jirani... na mkikosa, awape mdomo wa kusema mapema. Nimewapenda, hata mkigombana.

Inueni mto. Tena kidogo. Pazia liacheni wazi. Moto ukiwaka kwake nitauona moshi mwenyewe, nimezoea... Lakini jibu lake nileteeni. Mkinikuta nimenyamaza, niambieni hivyo hivyo, sikioni. Nitataka kujua.