Mama wa Mbuzi Wote

Ndugu, jamaa na majirani, familia inaomba mtulie msikilize, na mkifika pa kucheka mcheke, kwani marehemu mwenyewe hakuwahi kumaliza hadithi bila kushika mbavu.

Mama yetu, ambaye wengi mnamjua kama Mama Mbuzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 ng'ambo ya kilima hiki, mtoto wa tatu na binti pekee wa mfugaji. Alianza shule mwaka 1960, akasoma darasa la kwanza na la pili, la tatu akalionja tu, kwani kaka zake walikwenda mbali kutafuta kazi naye akakabidhiwa fimbo ya kuchungia, jambo lililomuuma maisha yake yote, hata uzeeni akisema mbuzi wamemzidi elimu, maana wao waliingia uwanja wa shule kila siku na hakuna aliyewaachisha.

Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na tarehe 6 Juni 1970 akafunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto wanne.

Januari 1989 ofisa wa elimu alitangaza kwamba shule yetu itafungwa mwezi unaofuata, kwa kuwa madarasa yalikuwa matupu, na kweli yalikuwa matupu, watoto walikuwa malishoni, wazazi wakiwa shambani tangu alfajiri. Mkutano ukaitishwa, wanaume wakasema kwa zamu kwamba mbuzi hajichungi, ndipo mama akasimama, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akasema, "Kesho asubuhi nileteeni mbuzi wote, nitachunga mimi, watoto wapelekeni shule."

Watu walicheka, lakini kulipokucha mbuzi walikuwa wamejaa uani mpaka baba akakosa njia ya kutokea, na mama, ili asichanganye mali za watu, akawafunga shingoni mabaki ya vitambaa, kila nyumba na rangi yake, mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji wakang'aa kwa maua makubwa mekundu kama maharusi, kisha akaswaga kundi huku sare za shule zikiwa kapuni, akazishona kwa mkono palepale malishoni.

Ofisa aliporudi, watoto walijaa hadi madirishani, na mbuzi wawili wa mwenyekiti wakajipenyeza darasani, ofisa akauliza kama nao wameandikishwa, darasa zima likaangua kicheko, naye akaichana barua ya kufunga shule mbele ya mwalimu mkuu. Tulifurahi, jamani, tulifurahi mno!

Mama alichunga hadi mwaka jana, moyo wake ulipoanza kudhoofika, na kilichomnyima usingizi hakikuwa maumivu, bali hofu kwamba watoto watarudishwa malishoni. Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba 2023, sisi tukiwa kando ya kitanda chake.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi wetu, mmoja wa watoto wale waliorudi darasani, ambaye mbuzi wa kwao walikuwa wakorofi kupita wote, mafundi cherehani wenzake, na majirani mliolala hapa.

Mmeuliza mbona msiba huu hauna watoto. Mama aliagiza wasikose kipindi hata kimoja kwa ajili yake, hivyo wako darasani, na baba zao ambao hamwaoni hapa ndio waliotoka na kundi asubuhi hii, kwa zamu waliyopanga wenyewe.

Pumzika kwa amani, mama, mbuzi tunao sisi.