Majina Niliyokuwa Nikiyaruka

Bwana asifiwe, wapendwa. Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi rangi wa magari kule Gatsata. Huu weusi kwenye kucha si uchafu, ni kazi. Nimenawa mara tatu kabla ya kuja. Nimeambiwa niwe mfupi, na mchungaji ameshaangalia saa, kwa hiyo naanza.

Mama yule wa mstari wa tatu, mwenye kilemba cha kijani, hakunizaa. Najua wengi mnasikia leo kwa mara ya kwanza. Mwaka ule watu walipokimbilia Tanzania, aliniokota kando ya barabara nikiwa na miaka miwili hivi. Sikujua jina langu wala la baba. Akanibeba mgongoni mpaka kambini, akanipa jina, akanilea huko, akarudi nami Kigali. Alikuwa mjane, na mtoto mwingine hakuwa naye.

Ndugu zangu, kazi yangu ni kuficha mbonyeo. Unajaza, unapiga msasa, unapaka rangi, na mwenye gari anaapa halijawahi kugonga. Na mimi nilijifanyia hivyo hivyo. Ukiniuliza habari za kwetu, nilikuwa na jibu laini kabisa: baba alifariki, basi, tuzungumze mengine.

Sasa, mama ana mtoto wa jicho, maandishi hayaoni. Kila jioni nikitoka gereji namsomea Biblia. Na nikifika kwenye zile orodha, huyu akamzaa yule, yule akamzaa huyu, nilikuwa naziruka. Nilimwambia zinachosha ulimi. Uongo. Zilikuwa zinanichoma. Watu wote wale wana baba, na baba ana baba, na mimi nyuma yangu kuna barabara tu.

Nikapata mchumba. Ndiye yule anayenyonyesha kule nyuma, anajifanya hanisikii. Wazee wawili wa kanisa hili wakakubali kwenda kwao Remera kunibishia hodi, ile ziara ya kwanza tunayoiita gufata irembo. Mnajua kinachoulizwa huko: kijana huyu ni mwana wa nani, wa nani, wa nani? Wanataka wajue watu wako, na wahakikishe hamuoani ndugu. Wazee wakaniambia, tuandikie majina matatu.

Nikayaandika gerejini. Jina la baba nililitoa kwa mwenye Korola nyeupe iliyoingia wiki ile. Babu nilimpata kwenye pikapu kuukuu. Nilikuwa napiga msasa mlango wake, likatokea chini ya rangi jina la mwenyewe wa zamani, limeandikwa kwa brashi. Nikaliona zuri, nikalichukua. Baba wa babu nilimtunga mwenyewe. Chekeni tu, hata mimi nilijiona mjanja.

Wazee wakaenda. Baba mkubwa wa binti, mzee aliyekulia Uganda, akasikiliza. Lilipofika jina la babu akasema, "Rudia." Wakarudia. Mzee akalia mbele ya wageni. Akasema, "Huyo iko kaka ya baba yangu. Alikuwa na pikapu, aliandika jina yake kwa mlango. Sisi tulijua nyumba yake yote imeisha. Kumbe imebaki mtoto!" Kisha akajifuta machozi akasema kwamba ndoa haipo, maana mimi na binti yao ni ndugu.

Mchumba wangu akanipigia. Akaniita kaka, akakata simu.

Nawaambia ukweli kwa sababu nimekuja kuusema. Nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia: mke nimemkosa, lakini ukoo nimeupata. Mzee ananisubiri aniite mtoto wake. Siku tatu nilizungusha wazo hilo kichwani, na lilikuwa tamu.

Mama aliletewa habari na wale wazee. Aliuliza swali moja tu: "Na mimi mlinitaja wapi?" Hawakuwa wamemtaja, kwa sababu mimi sikumwandika.

Siku ya nne akaniambia, "Leo nisomee Mathayo, mwanzo kabisa." Nikasoma mstari mmoja, nikarukia kuzaliwa kwa Yesu kama kawaida.

"Rudi. Umeruka watu."

"Mama, ni majina tu."

"Miaka yote unawaruka, nanyamaza. Leo soma."

Nikasoma. Ibrahimu, Isaka, Yakobo. Kwa mara ya kwanza nikasikia nilichokuwa nikikisoma. Tamari yumo, aliyezaa na baba mkwe wake, kisa chake mnakijua. Rahabu, kahaba, yumo. Ruthu, mgeni, yumo. Nikashangaa, maana aliyeandika angeweza kuficha na hakuficha. Nikafika kwa Yusufu, nikataka kupumua. Mama akanishika mkono.

"Yesu ameingia kwenye ukoo huo kwa njia ya nani?"

"Ya Yusufu."

"Yusufu alimzaa?"

"Hapana, mama."

"Alimpa ukoo au hakumpa?"

Nililia, mwanaume mzima na rangi mikononi. Mababa wa vizazi vyote vile, wote wamepangwa kumfikia mtoto ambaye wa mwisho wao hakumzaa, alimpokea tu. Na mimi aliyenipokea alikuwa amekaa mbele yangu, na nilikuwa nimemruka.

Kesho yake tukapanda kwenda Remera, mimi na yeye. Nikamwambia mzee kila kitu, Korola, mlango, vyote. Akasema, "Ulinifufulia mtu, sasa unamzika tena." Ndugu zangu, nimewahi kutukanwa na wateja, lakini hakuna neno lililoniuma kama lile.

Mama ndiye aliyenitetea. Akataja baba yake, babu yake, akarudi nyuma vizazi saba bila kukwama, kisha akasema, "Huyu ni wangu. Kama amekosa, amekosa mtoto wangu." Mzee akasema atalifikiria. Alikaa miezi mitano. Kisha akanijia gereji kwangu, akaomba aone ule mlango. Pikapu ilikuwa imeshaondoka, nami nilikuwa nimeshaupaka rangi. Tukamtafuta mwenyewe, akakubali. Nikaikwangua rangi taratibu mpaka jina likaonekana, mzee akaligusa kwa kidole. Hapo ndipo aliponisamehe, akaruhusu ndoa.

Nawashukuru wale wazee wawili, niliowaaibisha na bado wakarudi kunisemea. Namshukuru baba mkubwa. Namshukuru mke wangu, ambaye siku hizi akikasirika bado ananiita kaka. Mungu nimshukuruje?

Ninachowaomba ni hiki: ukifika kwenye majina, usiruke. Yasome polepole. Na wa kwako je, yule uliyemwacha nje ya habari zako kwa aibu? Mrudishe leo, akiwa bado anasikia.

Sasa tunaleta mtoto mbele abarikiwe. Mchungaji, najua utauliza huyu ni mwana wa nani. Tafadhali usiniulize mimi. Muulize mama, anaanzia mbali, na leo mchungaji weka saa mfukoni.