Wa Mbele Ndiye Macho

DADA: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

NGAO: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Kumbe uko hai.

NGAO: Niko hai. Hii simu ni ya fundi wetu, yule wa baiskeli. Yangu nili—

DADA: Yako nimeipiga mara kumi na moja tangu jana.

NGAO: Niliizima.

DADA: Shemeji yako anaanguka mashindanoni, wewe unazima simu. Subiri nitoke, humu ndani hatusikilizani kwa kelele za cherehani. (mlango) Haya. Kocha alinipigia jana jioni. Alisema kepteni wao kavunjika mtulinga, kasukumwa na mtu wa jezi nyekundu, ila nisitie shaka, mume wangu ni chuma. Sasa chuma kinaendeleaje?

NGAO: Mtulinga na nyonga. Na uso, upande mmoja, kuanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni. Ngozi imebaki kwenye lami. Anaongea kwa shida, lakini anaongea.

DADA: Anasema nini?

NGAO: Anadai chai. Anamtukana nesi.

DADA: Basi hajambo.

NGAO: Mkono wako je?

DADA: Uko kwenye plasta. Sishoni, nakata nyuzi na kupiga pasi kola. Lakini hukuazima simu ya watu ili uulize mkono wangu.

NGAO: Hapana. Saa tisa waamuzi wananiita. Wanataka maelezo na sahihi yangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mbele yake.

DADA: Si uandike ulichokiona? Haloo?

NGAO: Nipo. Mtandao unakwaruza.

DADA: Mtandao hauna neno. Anza mwanzo, usiruke.

NGAO: Jana ilikuwa siku ya tano. Kilomita mia moja na tisini, na mlima katikati. Tulikuwa tumebaki wanne: mimi, shemeji, Mwalimu na Kinyozi. Wekundu wako sita wote, na tangu asubuhi walikuwa wanatafuta vita. Hata kilomita thelathini hatujafika, mmoja wao akampiga Kinyozi na chupa iliyojaa maji, puani. Damu ikamwagika mpaka kwenye usukani. Kinyozi hakusimama, anaendesha huku anatema. Shemeji akamfuata yule jamaa, akamkamata jezi kwa nyuma, akamshindilia ngumi mbili za mbavu. Hapo tuko mwendo wa arobaini. Watazamaji kando ya barabara wanapiga makofi.

DADA: Mume wangu ana mkono mwepesi.

NGAO: Ndiyo, dada.

DADA: Endelea.

NGAO: Mlimani wakatubana. Viwiko, mabega, mmoja akanipiga teke la kifundo mpaka kiatu kikachomoka kwenye pedali. Mimi niko mbele nakata upepo, shemeji nyuma yangu, Mwalimu nyuma yake, Kinyozi mkiani. Ndiyo kazi yangu, ndiyo maana wakaniita Ngao. Siku tano nimekula upepo ili yeye afike mwisho na miguu isiyochoka. Sasa tunakaribia kilele, miguu ikanigomea. Nikalegea kidogo tu. Shemeji akaja ubavuni, akanizaba kofi la kisogo. Akasema...

DADA: Akasema nini?

NGAO: Tuache hilo.

DADA: Umenitoa kazini ili tuliache?

NGAO: Akasema, "Nilidhani kwenu mnavunjika mikono tu, kumbe hata miguu." Akacheka. Dada?

DADA: Nimesikia.

NGAO: Ulisema uliteleza bafuni.

DADA: Na wewe ukasema pole.

NGAO: Nilikuamini.

DADA: Haya, mtu anaweza kuteleza bafuni akavunjika mkono. Na alama za vidole shingoni? Siku mliyoondoka nimejifunga mtandio joto lote lile, umekaa umbali wa meza. Ukanywa maji yako, ukaangalia plasta, ukasema pole, ukatoka kufunga baiskeli juu ya gari kwa sababu yeye alikuwa anapiga honi.

NGAO: Dada, mimi—

DADA: Alinivunja pale mlango wa jikoni, kama ulitaka kujua. Aliuweka mkono wangu kwenye fremu, akaubamiza mlango. Mara mbili. Mara ya kwanza haukuvunjika. Sasa mko kileleni. Kisha?

NGAO: Kisha mteremko. Kilomita kumi na moja, kona juu ya kona. Upande huu mwamba, upande ule nguzo za mawe, na chini yake korongo. Tunashuka sabini, sabini na tano, tairi kwa tairi. Kwenye mwendo ule aliye nyuma haoni lami. Anaona mgongo ulio mbele yake, basi.

DADA: Hilo hunifundishi. Nimeolewa na baiskeli miaka tisa. Wa mbele ndiye macho. Akiona shimo anashusha mkono, anawaonyesha wenzake.

NGAO: Ndiyo.

DADA: Huyo mwekundu aliyemsukuma alikuja upande gani, wa mwamba au wa nguzo?

NGAO: (mkwaruzo)

DADA: Nakuuliza.

NGAO: Wekundu walikuwa nyuma. Nusu kilomita.

DADA: Nusu kilomita.

NGAO: Tuliwaacha kileleni.

DADA: Kulikuwa na shimo.

NGAO: Lilikuwepo. Ukitoka tu kona ya tatu. Upana wa beseni.

DADA: Nawe uliliona.

NGAO: Nililiona mapema. Ningeweza kushusha mkono mara mbili na bado nikabakiwa na nafasi. Nikalikwepa. Mikono ikabaki kwenye usukani, yote miwili.

DADA: Mdogo wangu.

NGAO: Nilisikia tairi likipasuka, halafu chuma kwenye lami, halafu mtu. Mtu akiburuzwa kwenye lami ana sauti yake, dada. Nilidhani ningefurahi.

DADA: Ulitaka afe?

NGAO: Nilitaka avunjike. Kile kicheko chake kilikuwa bado kisogoni kwangu, pale pale alipopiga. Sikufikiri mbele ya hapo.

DADA: Nyuma yake alikuwa nani?

NGAO: Dada, tafadhali—

DADA: Mpangilio umeutaja mwenyewe. Nyuma yake nani?

NGAO: Mwalimu.

DADA: Mwalimu kapatwa na nini?

NGAO: Hakuwa na pa kwenda. Aligonga baiskeli ya shemeji, akaruka juu yake, akaangukia nguzo ya jiwe kwa mgongo. Kinyozi alipita kwa bahati, sijui alipita wapi. Nikageuza, nikarudi napanda kwa miguu na viatu vile vyenye chuma kwenye soli, nateleza. Shemeji anapiga kelele, anajishika bega, nikampita. Mwalimu alikuwa amelala chali, macho wazi, helmeti imepasuka vipande viwili. Aliniuliza kama kepteni ni mzima. Nikamwambia mzima. Halafu akaniomba nimtolee baiskeli juu ya miguu, inamlemea.

DADA: Ukamtolea?

NGAO: Baiskeli yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Juu ya miguu yake hapakuwa na kitu.

DADA: Ee Mungu wangu.

NGAO: Nikajifanya natoa. Nikamwambia, tayari. Akasema ahsante.

DADA: Daktari kasemaje?

NGAO: Uti wa mgongo. Kasema hatatembea. Alisema polepole, kama anayemsomea mtoto.

DADA: Mpwa wako kajifunza kusoma kwa mtu huyo. Mwaka juzi, alipokuwa anasoma herufi kinyumenyume, kila mtu anamwita mzito. Mwalimu alikuwa anambakiza darasani baada ya kengele, anamchorea herufi kwenye mchanga.

NGAO: Najua.

DADA: Unajua. Na hiyo habari ya jezi nyekundu imetoka wapi?

NGAO: Kwa shemeji. Alipopakiwa kwenye gari la wagonjwa Kocha alimuuliza kilichotokea. Yeye mwenyewe hajui kilichomwangusha, akachagua adui. Kocha akaibeba habari hiyo vile vile. Kabla jua halijazama Kinyozi alikuwa ameshaingia hoteli ya wekundu na pampu ya chuma. Alimkuta yule wa chupa kwenye ngazi, anashuka kula, mikono mitupu. Amemvunja taya na meno manne. Walioona wanasema jamaa aliomba radhi ya chupa akiwa chini, na Kinyozi akaendelea kupiga mpaka pampu ikapinda. Leo Kinyozi yuko mahabusu. Jamaa yuko wadi ile ile, vitanda viwili kutoka kwa shemeji.

DADA: Kapigwa kwa kosa ambalo si lake.

NGAO: Chupa alipiga.

DADA: Chupa si shimo.

NGAO: Si shimo. Sasa Kocha ameshaandika maelezo yote, anataka sahihi yangu tu. Kwamba nilimwona mwekundu akimsukuma kepteni. Nikisaini, wale wanafukuzwa mashindanoni, kesi ya Kinyozi inapungua makali, na mambo yanaishia hapo. Nikikataa lazima niseme kweli, na shemeji ataisikia. Mimi hawezi kunifikia. Lakini wiki ijayo anaruhusiwa, na atarudi nyumbani kwako.

DADA: Kwa hiyo umepiga ili nikuchagulie.

NGAO: Wewe ndiye utakayepigwa.

DADA: Nilipigwa kabla hujajua hata kushika kalamu ya kusaini.

NGAO: Nilifanya kwa ajili yako, dada.

DADA: Hapana. Hilo usilirudie, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Ungekuwa unafanya kwa ajili yangu ungenivua mtandio siku ile, ukaniuliza. Ulifanya kwa sababu alikuzaba kisogo akakucheka mbele ya wenzako. Usinitwishe miguu ya Mwalimu. Nina mkono wangu, unanitosha.

NGAO: (analia)

DADA: Lia, lakini lia upesi.

NGAO: Nisamehe.

DADA: Hilo tutaliongea tukionana. Nisikilize. Jana Kocha alipokata simu nilikaa kitandani, nikapiga hesabu: wiki nzima hayupo. Nikaanza kufunga nguo, kwa mkono mmoja na meno. Mama mwenye karakana hii ana chumba juu ya stoo ya vitambaa, nilishamwomba. Saa kumi namchukua mpwa wako shuleni na hatupiti nyumbani. Kwa hiyo usinitumie mimi kama sababu ya kusema uongo. Sitakuwepo mlango ule ukifunguliwa.

NGAO: Atakutafuta.

DADA: Kwa nyonga ile? Atanikuta nimejipanga. Na safari hii nitakapoulizwa mkono umevunjwa na nani nitajibu, polisi na kwa kaka zake. (mlio wa simu) Nini hicho?

NGAO: Salio la fundi linaisha.

DADA: Mke wa Mwalimu ameshajua?

NGAO: Kocha alimpigia. Kamwambia ni wekundu. Yuko njiani anakuja, anaweza kufika wakati wowote.

DADA: Basi waamuzi wasubiri. Yeye kwanza, asije akayasikia kwenye korido. Utamwambiaje?

NGAO: Sijui.

DADA: Nijaribie mimi. Mimi ndiye yeye, nimeingia.

NGAO: Shemeji, pole na safari. Jana pale mlimani kepteni alinitukana kuhusu dada—

DADA: Kata hiyo. Anza upya.

NGAO: Shemeji, mimi ndiye nilikuwa mbele. Mteremko ulikuwa mkali na mwendo—

DADA: Mteremko haukufanya kitu. Upya.

NGAO: (anapumua) Shemeji, mimi ndiye nilikuwa mbele. Kulikuwa na shimo. Nililiona. Sikuwaonyesha.

DADA: Basi. Hapo unanyamaza. Akitaka kukupiga usizuie, na akitaka kukaa chini umshike.

NGAO: Dada, kuna mwanamke kwenye lango la hospitali. Ana begi na mto. Anaongea na mlinzi.

DADA: Ni yeye?

NGAO: Ni yeye. Ameniona. Ananipungia.

DADA: Mwendee. Usimngoje akufikie.

NGAO: Dada, nikimaliza niku—

DADA: Nenda, mdogo wangu. Nen—

(simu imekatika)